Uchungu ukianza saa nane usiku, utakimbilia wapi?

Tuseme ni saa nane usiku. Mnaishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita, ploti isiyo na lifti. Dada yako, au mpenzi wako, au wewe mwenyewe, uchungu umeanza wiki mbili kabla ya ile tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki. Mvua inanyesha, stima zimepotea, na kwenye M-Pesa kuna Sh340.

Una njia tatu. Ya kwanza ni yule mama wa ghorofa ya chini ambaye kila mtu kwa ploti anajua "ameshika watoto wengi". Ya pili ni ile kliniki ya kibinafsi hapo kwa kona, yenye msalaba wa kijani na taa inayowaka usiku kucha, lakini hujawahi kujua ni nani huwa ndani saa hizo. Ya tatu ni hospitali kubwa ya umma, na kufika huko lazima kwanza upate teksi itakayokubali kuingia mtaani kwenu saa hiyo.

Wengi wetu tuliozoea mji tunadhani kuzalia nyumbani ni stori ya Turkana, Mandera, Wajir, Samburu na Tana River. Ni kweli huko ndiko wanawake wengi zaidi hujifungua bila mhudumu mwenye ujuzi, kwa sababu kituo kiko mbali na barabara ni mbovu. Lakini kilomita nane za Nairobi, usiku, bila pesa, zinaweza kuwa ndefu kuliko unavyofikiria.

Halafu kuna kundi jipya, na hili linatuhusu sisi vijana moja kwa moja. Umeona zile video. Mama ameketi ndani ya beseni kubwa la maji ya moto, mishumaa imewashwa, muziki wa pole pole, mume anamsugua mgongo, mtoto anateleza kutoka bila kelele. Unaanza kujiuliza kwa nini uende ukapigiwe kelele na nesi ilhali kuna vaibu kama hiyo. Na hakosi mtu wa kuongezea kwamba nyanya yake alizaa watoto tisa nyumbani na hakuna aliyekufa, kwa hivyo hospitali ni biashara tu.

Nyanya yake nampa heshima zake. Ila stori hizo husimuliwa na familia ambazo mambo yaliwaendea vizuri. Nyanya aliyefariki akijifungua mtoto wa pili hakubaki kutuhesabia tisa.

Tuzichukue hizo video kwa uzito basi, kwa sababu nyingi hutoka Uingereza na Marekani na huko swali hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2011, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kufuatilia zaidi ya wajawazito 64,000 ambao hawakuwa na tatizo lolote lililojulikana: hawana presha, si mapacha, mtoto amekaa vizuri. Kwa wanawake waliokuwa wamezaa awali, kupanga kujifungulia nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari ikilinganishwa na hospitali. Hapo wapenzi wa beseni wana hoja. Lakini kwa waliokuwa wakizaa mara ya kwanza, matatizo makubwa kwa mtoto yalikuwa 9.3 kwa kila uzazi 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 hospitalini. Na soma hii polepole: kati ya kila wanawake 100 waliopanga kuzalia nyumbani mtoto wao wa kwanza, 45 waliishia kuhamishwa hadi hospitalini, uchungu ukiendelea au mara tu baada ya kujifungua.

Karibu nusu. Na hao ni wanawake waliochujwa kwanza, wenye mkunga aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa, aliyekuja na dawa na vifaa vyake, na ambulensi ya serikali inayokuja ukipiga simu. Kwenye video huoni mkoba wa mkunga. Huoni kwamba kuna hospitali inayojua jina lako na inakungoja iwapo mambo yatabadilika. Ukiondoa hayo yote ukabaki na beseni na mishumaa, hiyo si huduma ile ile tena, hata kama picha inafanana.

Sasa tuje kwa kinachoua, maana hapa ndipo watu wengi hupapita haraka.

Sababu kuu ya vifo vya akina mama wakati wa uzazi ni kutokwa na damu nyingi baada ya mtoto kutoka. Baada, si kabla. Mtoto amelia, watu wamepiga vigelegele, mtu ameshapiga picha ya kutuma kwa grupu ya familia. Kwa kawaida mfuko wa uzazi unafaa kujikaza kama ngumi ili mishipa iliyokuwa imeshika kondo la nyuma ijifunge. Usipojikaza, damu hutiririka. Nusu lita, yaani ile chupa ya plastiki ya soda, ndiyo kiwango ambacho wahudumu hufunzwa kuanza kushtuka. Mama aliyekuwa mzima akipokea pongezi anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Tatizo ni kwamba damu kwenye shuka na nguo kuukuu haionekani kuwa nyingi. Hata wauguzi waliobobea hukosea wakikadiria kwa macho. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha zaidi ya wanawake 210,000. Walichofanya ni kitu rahisi kiasi cha kushangaza. Waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, kama kikombe cha kupimia unga. Damu ikifika mstari fulani, hakuna kungoja wala kujaribu dawa moja moja. Kukanda tumbo, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, dawa ya kugandisha damu, dripu na kuchunguza inakotoka damu, vyote vinafanywa kwa pamoja. Visa vya kutokwa na damu kupindukia, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufariki vilipungua kwa asilimia 60.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Kilichookoa wanawake hao hakikuwa ukuta wa hospitali, maana wote walikuwa hospitalini tayari, hata wale wa kundi ambalo halikupunguziwa hatari. Kilichowaokoa ni mtu aliyejua la kufanya, mwenye dawa mkononi, aliyeona tatizo dakika chache baada ya kuanza. Mtoto naye ana saa yake. Asipopumua mwenyewe, ndani ya dakika moja anahitaji mtu wa kumpumulisha kwa mpira na barakoa ndogo. Dakika moja haitoshi hata kushuka ghorofa mbili.

Ukishaelewa hivyo, takwimu za Kenya zinaanza kueleweka, na hazifurahishi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, ule wa KDHS, ulionyesha mwaka 2008-09 kwamba watoto 43 pekee kati ya 100 walizaliwa katika kituo cha afya. Juni 1, 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Mwaka 2014 walikuwa 61 kati ya 100. Mwaka 2022 wakafika 82. Kwa nchi yoyote hiyo ni hatua kubwa, na wanawake ndio walioipiga: waliambiwa waje hospitalini, wakaja.

Je, walipokuja walipata nini? Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 kwa kila 1,000 mwaka 2014 hadi 41 mwaka 2022. Safi. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wasiomaliza mwezi mmoja, vilitoka 22 hadi 21. Kuhusu akina mama, KDHS ya 2014 ilikadiria vifo 362 kwa kila uzazi 100,000, na sensa ya 2019 ikapata 355. Mimi siwezi kuita hiyo nafuu.

Usinielewe vibaya. Hii haimaanishi kwamba hospitali na nyumbani ni sawa tu, na ukisikia mtu akitumia takwimu hizi kukuambia ubaki nyumbani, anakudanganya. Wengi hufika hospitalini wakiwa tayari hali ni mbaya, na bila hospitali hao wangekufa. Kinachoonekana hapo ni kwamba tuliwahamisha wanawake kwa kasi kuliko tulivyowahamishia wauguzi, damu, dawa na ujuzi. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akiwa na akina mama sita kwenye leba, nani ataangalia mfuko wa damu wa yule wa kitanda cha nne?

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatujui kabisa, hata wenye digrii. "Hospitali" si kitu kimoja. Zahanati na vituo vya afya vya Leveli 2 na 3 vinaweza kukuzalisha vizuri mambo yakiwa ya kawaida, lakini kwa sehemu kubwa havifanyi upasuaji wala havina damu ya kukuongeza. Hayo huanzia Leveli 4. Kwa hivyo ukijifungulia kituo kidogo, swali lako ni hili: ikibidi nihamishwe, gari liko wapi na linachukua muda gani? Ile kliniki ya msalaba wa kijani hapo kwa kona ndiyo inanitisha zaidi, kwa sababu inakupa amani ya uongo. Mwaka 2025 baraza la madaktari, KMPDC, lilifunga vituo vya afya 728 na kushusha hadhi ya vingine 301 baada ya ukaguzi. Vyote hivyo vilikuwa na wagonjwa waliodhani wako mahali salama.

Tuongeze migomo. Mwaka 2024 madaktari nchini waligoma kwa siku 56. Mwaka 2025 wenzao wa Kiambu, hapo tu ukivuka Nairobi, waligoma karibu miezi mitano. Mimba haijui mgomo. Mwanamke aliyekuwa amepanga vizuri kila kitu, akahudhuria kliniki zote, alijikuta mlangoni hakuna daktari wa kumpasua. Ukimlaumu huyo kwa kumwita mama wa ghorofa ya chini, utakuwa umemwonea.

Huyo mama wa ghorofa ya chini pia nataka tumwongelee bila dharau. Wanawake wanampenda kwa sababu zinazoeleweka. Anakuja kwako. Anakupikia uji. Hakupigii kelele ukilia. Unaweza kuchuchumaa, kupiga magoti, kutembea, na hakuna mtu atakayekufungia mumeo nje ya mlango. Malipo ni kidogo kidogo. Cha ajabu ni kwamba mengi ya hayo ndiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri hospitali zifanye: mama awe na mtu wake wa karibu katika chumba cha kujifungulia, na achague mkao anaotaka.

Wodi zetu zinafanya nini? Utafiti uliochapishwa 2015, uliohoji wanawake 641 katika vituo 13 nchini Kenya, ulipata kwamba mmoja kati ya watano alitendewa vibaya au kudharauliwa wakati wa kujifungua. Na Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke mmoja alipwe Sh2.5 milioni. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa tangazo la bure, alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma baada ya kukosa kitanda, na wauguzi wakamtusi na kumpiga makofi. Ukimwambia mtu "enda hospitali" halafu ukanyamaza kuhusu hilo, hatakuamini kwa mengine.

Lakini upole haukazi mfuko wa uzazi. Mama wa ghorofa ya chini hana ile sindano, ambayo hufaa kuhifadhiwa kwa baridi. Hana dawa ya kifafa cha mimba. Hawezi kujua presha yako imepanda usipokuwa na dalili, na hilo ni hatari zaidi kwa mimba ya kwanza na kwa wasichana wadogo. Hana dawa ya kumkinga mtoto dhidi ya virusi vya HIV. Mtoto akikwama, hana kisu. Ndiyo maana kwa miaka mingi sasa wizara ya afya imekuwa ikiwataka wakunga wa jadi wawe wasindikizaji: wamshike mama mkono na kumpeleka kituoni. Mahali wanapofanya hivyo na kulipwa nauli yao, mama anapata mambo yote mawili. Naona aibu kwamba bado tunalitaja hilo kama mradi wa majaribio wa kaunti fulani.

Kuna lile lalamiko la biashara pia, na si la kupuuzwa. Upasuaji wa kujifungua uliongezeka kutoka asilimia 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. WHO ilishasema kwamba kwa nchi nzima, kupita asilimia 10 hakuonekani kupunguza vifo zaidi. Bima ya SHA hulipa hospitali Sh10,000 kwa kujifungua kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Piga hesabu mwenyewe uone ni upande gani unavutia zaidi hospitali ya kibinafsi. Una haki ya kuuliza "kwa nini napasuliwa?" na kupewa jibu linaloeleweka. Kuuliza si kukataa.

Hiyo SHA yenyewe ndiyo inayonifanya niandike sasa. Chini ya Linda Mama, mjamzito alijisajili na kujifungua. Hakudaiwa mchango wowote. Oktoba 1, 2024, NHIF iliondoka, SHA ikaingia, na Linda Mama ikageuzwa kuwa Linda Jamii. Jina ni zuri. Ila sasa huduma ya kujifungua iko chini ya mfuko unaohitaji uwe umechanga: asilimia 2.75 ya mshahara ukiwa umeajiriwa, na ukiwa wa jua kali, kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, kinacholipwa cha mwaka mzima kwa mpigo. Hizo ni Sh3,600 kwa uchache, na wengi huambiwa walipe zaidi baada ya kujibu yale maswali kuhusu choo na paa la nyumba. Serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, yaani ukope ulipe mchango. Kwa msichana wa miaka 17 inategemea kama mzazi wake amelipa, na huenda huyo mzazi hata hajui ana mimba.

Sisemi mfumo wa zamani ulikuwa peponi. Hospitali zililalamika kwa miaka kwamba pesa za Linda Mama zilichelewa. Lakini ule ulikuwa na jambo moja: ukiwa na uchungu, hakuna aliyekuuliza kama mwaka umelipiwa. Kila kikwazo kidogo mlangoni kinamrudisha mtu mmoja kwa mama wa ghorofa ya chini. Nikisikia wakubwa wakijisifu kwa idadi ya waliojisajili, ninachotaka kujua ni wangapi kati yao wamelipa.

Mwaka 1994, wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba akina mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la serikali na kaunti, na tunafaa kulipigia kelele vile tunavyopigia kelele ushuru. La pili ni la barabara, ambulensi na usalama. Lakini la kwanza liko hapo kwenu, ghorofa ya sita.

Wewe jamaa, hili usimwachie mama mkwe. Mambo haya huamuliwa mimba ikiwa na miezi saba, si saa nane usiku. Jua kituo mtakachoenda, na kile cha pili kukiwa na mgomo. Nendeni wote kliniki, umwulize muuguzi waziwazi: usiku wa Jumapili huwa kuna nani hapa? Mnapasua? Damu mnapata wapi? Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Ongea na mtu wa teksi anayeishi karibu, muelewane bei kabisa, uweke namba yake kwa simu zenu zote mbili. Nduthi si ya mama aliye kwenye leba, hata kama ndiyo ya haraka. Lipa SHA mapema, kisha bonyeza *147# uhakikishe jina lake limo. Na akilalamika kichwa kinamuuma sana, anaona ukungu, uso na mikono vimevimba, au anaona damu, usingoje kukuche.

Na ikitokea, kwa sababu hutokea, kwamba mtoto amekuja kabla ya teksi? Mpanguse akauke, mlaze kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mfunike wote wawili. Usivute kondo la nyuma. Usipake kitu chochote kwenye kitovu, si mate, si majivu, si dawa ya meno. Kisha endeleeni na safari ya hospitali vilevile, hata kama kila mtu anatabasamu, kwa sababu zile saa mbili za damu ndiyo kwanza zimeanza. Mambo ya kumtafuta naibu wa chifu awaandikie notisi ya kuzaliwa yatangoja hadi Jumatatu.